Dashibodi iliyopasuka: nilivyoivika mahameli nyumbani

Gari langu ni la mwaka 1998, na kwa miaka saba limelala nje hapa Tabata, kwenye uwanja usio na hata mti mmoja. Ufa wa kwanza ulitokea juu ya mita, mwembamba kama unywele. Ilipofika Januari iliyofuata ulikuwa umetambaa hadi kwenye matundu ya hewa upande wa abiria, kingo zimejikunja juu kama ganda la muhogo, na sponji ya njano iliyo chini inamegeka unga. Kila nilipopiga breki unga ule ulimwagika magotini mwa aliyekaa mbele.

Watu hudhani dashibodi hupasuka kwa kugongwa. Nyingi hupasuka kwa kusinyaa. Ngozi ya juu ni plastiki ya PVC iliyochanganywa na kilainishi ili iwe laini, na joto la ndani ya gari lililofungwa vioo hukitoa kilainishi hicho kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka. Ngozi inakaza, lakini plastiki ngumu iliyoibeba haisogei. Mwisho inachanika pale palipo dhaifu, kwa kawaida karibu na matundu au kwenye kona. Kwa hiyo ufa ni mahali panapovutwa huku na huku kila siku jua likipanda na kushuka. Ukilielewa hilo utajua kwa nini ukarabati mwingi haudumu.

Mimi sikulielewa mwanzoni. Nilijaza ufa kwa puti ileile wanayotumia mafundi wa bodi, nikapiga msasa, nikapaka rangi nyeusi. Ilipendeza kwa miezi mitatu hivi. Puti ya bodi ni ngumu kama jiwe, haivutiki. Ngozi iliendelea kukaza, puti ikaachia upande mmoja, na ufa ukarudi ukiwa mpana zaidi.

Baada ya hapo nikaamua kutumia floki, ambayo nyumbani tunaiita mahameli ya kupuliza. Ni vinyuzi vifupi vya nailoni, vya nusu milimita hadi milimita moja, vinavyorushwa juu ya gundi mbichi kwa umeme tuli. Umeme huo huvifanya visimame wima kama nyasi, gundi ikikauka unapata uso laini usiong'aa. Magari ya rali hufanyiwa hivi kwa sababu ya dereva: dashibodi inayong'aa hujiakisi kwenye kioo cha mbele, na floki humeza mwanga huo. Anayeendesha kuelekea Ubungo jua la saa kumi na moja jioni likiwa usoni anaelewa faida yake.

Kabla ya kugusa chochote, kuna eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga. Toa waya wa hasi wa betri, usubiri angalau dakika kumi, ndipo ufungue dashibodi. Soketi zenye rangi ya njano ni za mfumo wa eabegi. Usizipime kwa kifaa chochote cha umeme. Na kifuniko cha eabegi ya abiria usikijaze, usikipake gundi, usikivike floki, hata kama kimepasuka. Kifuniko hicho kimetengenezwa kifunguke kwa njia yake katika sehemu ndogo sana ya sekunde. Ukikizibia, huwezi kujua kitafunguka vipi wala kitarusha nini usoni mwa mtu. Kama kimepasuka, tafuta kingine. Mimi nilikiacha na ngozi yake ya asili, na tofauti ya rangi haijanisumbua hata siku moja.

Kuitoa dashibodi kulichukua Jumamosi nzima. Piga picha kila hatua kwa simu, na skrubu za kila sehemu zitie kwenye mfuko wake wenye jina. Inawezekana kufanya kazi bila kuitoa, ila utafunika gari zima kwa nailoni na bado utakuta vinyuzi kwenye mikanda ya siti mwezi mzima.

Sasa maandalizi, ambayo ndiyo kazi yenyewe. Floki haifichi kasoro. Bonde lililobaki chini litaonekana juu, tena zaidi, kwa sababu mwanga huchezea vinyuzi kama unavyochezea kitambaa cha mahameli.

Kwanza osha kwa maji ya sabuni, kausha, kisha futa kwa spiriti mara tatu au nne, kila mara kwa kitambaa safi. Ile dawa ya kung'arisha tunayouziwa kwenye foleni mara nyingi ina silikoni, na silikoni hairuhusu gundi kushika. Kwangu kuna sehemu mbili zilizokataa gundi kabisa, nikalazimika kurudia kuzisafisha. Kisha kata kingo zilizoinuka kwa wembe mpaka zilingane na uso, na upanue ufa uwe na umbo la V ili kijazio kipate pa kushika. Tumia kijazio kinachonyumbulika, kinachouzwa kwa ajili ya bampa za plastiki. Jaza kwa tabaka jembamba, acha likauke, rudia. Mimi nilijaza mara tatu. Msasa namba 80 kusawazisha, 180 kufuatia, na mwisho pitisha 240 uso mzima kwa wepesi. Fumba macho upapase kwa kiganja. Vidole vitakuambia palipobaki tuta kuliko macho.

Gundi iwe ile iliyotengenezwa kwa floki, na iwe na rangi ya vinyuzi: nyeusi kwa nyeusi, la sivyo itaonekana chini. Gundi ya viatu hulainika gari likipata joto, usiitumie. Mimi nilichagua gundi ya maji kwa sababu nyingine pia: kifaa cha floki hutoa cheche, na hewa iliyojaa mvuke wa gundi ya petroli inaweza kuwaka. Mwenye betri ya moyo asikishike kifaa hicho wala asisimame karibu.

Anza alfajiri. Saa sita mchana gundi hujifunga ngozi juu kabla hujamaliza kupaka, na vinyuzi havitazama. Nilipaka kwa brashi laini, mdogo wangu akinifuata nyuma na kifaa, ambacho kinafanana na chekecheo la unga lenye mpini. Plastiki haipitishi umeme, kwa hiyo klipu ya waya wa ethi wa kifaa, unaokamilisha njia ya umeme, tuliigusisha kwenye gundi mbichi yenyewe, na tukaihamisha kadiri tulivyosogea. Shika kifaa karibu, kitikise taratibu, na usiogope kumwaga vingi. Gundi ikishashiba, vinyuzi vya ziada vinabaki juu tu, na utavikusanya.

Vaa barakoa nzuri inayobana pua na mdomo. Miaka ya 1990 madaktari wa Kanada na Marekani waligundua ugonjwa wa mapafu kwa wafanyakazi wa viwanda vya floki ya nailoni, uliotokana na kuvuta vumbi lake siku baada ya siku. Kazi ya asubuhi moja si sawa na miaka kiwandani, lakini vumbi ni lilelile. Watoto wetu walikaa kwa jirani mpaka tulipomaliza kufagia.

Tuliiacha siku nzima bila kuigusa, tukafyonza mabaki kwa vakyumu, kisha ikakaa siku nne nyingine kivulini kabla ya kurudi kwenye gari.

Huu ni mwaka wa pili. Nyufa hazijarudi, na kila ninapoegesha naweka kinga ya jua kwenye kioo. Vumbi inashika, sikatai, hasa kiangazi, lakini brashi laini na vakyumu vinatosha. Dawa ya kung'arisha haikaribii tena. Vinyuzi vilivyobaki nimevihifadhi kwenye chupa ya jamu. Mwezi uliopita zipu ya begi la shule la mwanangu ilikwangua ukingo karibu na mlango, palibaki kipara cha ukubwa wa kucha. Nilitia gundi kwa ncha ya kijiti, nikanyunyizia vinyuzi kwa mkono, nikakigonga kidogo, nikaacha mpaka kesho yake. Ukijua pa kutazama utapaona, kwa sababu vilivyonyunyizwa kwa mkono havisimami sawasawa. Mwanangu mwenyewe alipatafuta akapakosa.