Waulize Walimu: Nichukue programu gani ya kupiga hesabu za herufi?

SWALI: Mwalimu habari ya siku. Mi nasoma masters ya hesabu hapa Gulu, tesisi yangu ni modeli ya malaria, watu nimewagawa S (wanaoweza kuambukizwa), E (wameambukizwa ila bado hawaambukizi), I (wanaoambukiza), R (waliopona) na mbu nao wana makundi yao. Kutafuta R0, yaani mgonjwa mmoja anaambukiza wangapi, kwa mkono nimejaza daftari zima na kila nikirudia jibu linabadilika. Supavaiza anasema nitumie Mathematica, jamaa wa hosteli anasema MATLAB, mwingine ananiapia kwamba Sage ndo mwisho wa mambo. Laptopu yangu ni ya zamani, ram giga 4, na bando nanunua mwenyewe. Nishike ipi? – Musomi, Gulu

JIBU: Musomi pole na daftari. Tuanze kwa kumtoa MATLAB kwenye foleni, si kwamba ni mbaya, ila kazi yake ya asili ni namba, yaani unaipa beta (kasi ya maambukizi) ni 0.3 inakuchorea grafu. Wewe saa hii unataka beta ibaki beta mpaka mwisho ili R0 itoke na herufi zake zote, ukaiweke kwenye tesisi. MATLAB ina kifurushi cha kufanya hivo lakini kinauzwa pembeni. Siku ya grafu itafika tu, na siku hiyo chukua Octave, ni ya bure na amri zake karibu zote ni zilezile za MATLAB.

Mathematica ya Wolfram ipo tangu 1988 na ni mashine kweli, sibishani na supavaiza wako hata kidogo, na Maple iliyoanzia chuo cha Waterloo kule Kanada 1980 nayo ni hivohivo. Mi nauliza tu, leseni ni ya nani? Kama ni ya chuo basi tumia, ila siku ukimaliza masomo leseni inabaki chuoni na wewe unaondoka na mafaili ya kutazama tu, na rivyua wa jarida wakikuambia badilisha sehemu ya 3 utaenda kumbembeleza nani?

Sage aliianzisha William Stein 2005 na wazo lake ni zuri, amechukua programu za bure kama Maxima, PARI, GAP, Singular na nyingine nyingi akaziweka chini ya Python moja. Ungekuwa unafanya nadharia ya namba au magrupu ningekusukuma huko bila kufikiri. Lakini ni magigabaiti kadhaa, na kwenye Windows lazima uipitishe kwa WSL, yaani Linux ndani ya Windows, sasa na hiyo ram yako banange utakaa unaangalia kaduara kakizunguka.

Kwa hiyo mi nakupa Maxima, ukiwa na uso wake wa wxMaxima. Ni mtoto wa Macsyma iliyoanza MIT miaka ya 1960 mwishoni, na William Schelter ndo alipata ruhusa 1998 ya kuitoa bure kwa watu wote. Sura yake ni ya kizee nakubali. Ila kwa modeli yako ina jambo moja ambalo watu hawalisemi: herufi. Kwenye Mathematica herufi I ni mzizi wa -1, E ni ile 2.718, N ni amri ya kugeuza jibu kuwa desimali, zote zimefungwa huruhusiwi kuzigusa, sasa we modeli yako nzima ni S, E, I, R na N ya jumla ya watu! Kwenye Maxima mzizi wa -1 ni %i na ile nyingine ni %e, alama ya asilimia mbele, kwa hiyo E na I zako ziko huru unaandika mlinganyo kama ulivyo kwenye daftari.

Sasa angalia hapa maana ndipo wengi wanapotoka na R0 ya ajabu. Ukishapata matriksi zako mbili, F ya maambukizi mapya na V ya wanaohama kundi, unataka F mara kinyume cha V. Usiandike F*V^-1. Kwenye Maxima nyota inazidisha kila kisanduku na mwenzake, na hiyo ^-1 inageuza kila kisanduku peke yake, na kama V haina sifuri ndani haikuambii kosa, inakupa matriksi safi kabisa lakini ya uongo. Andika F . invert(V), nukta yenye nafasi pande zote mbili, halafu eigenvalues juu yake, iliyo kubwa kabisa ndo R0. Kwa malaria F ina vitu vichache sana ndani, kwingine sifuri, kwa hiyo majibu mengi yatakuwa sifuri na R0 itatoka fupi, ndani ya kipeuo cha pili, kwa sababu ugonjwa unatoka kwa mtu kwenda kwa mbu halafu unarudi kwa mtu.

Kwenye uthabiti (kuangalia kama ugonjwa utaisha au utabaki) usifanye hivo na matriksi kubwa ya Jacobi. Ukiwa na makundi 5 na zaidi unaomba mizizi ya mlinganyo wa digrii ya 5, na Abel alishathibitisha tangu 1824 kwamba kwa ujumla fomula ya hivo haipo, hata ulipe leseni ya bei gani. Hata digrii ya 4 fomula ipo lakini itakujazia kurasa. Toa charpoly, yaani ile polinomia ambayo mizizi yake ndo eigenvalues, chukua koefishenti, peleka kwenye kigezo cha Routh na Hurwitz kinachokuambia alama za mizizi bila kuitafuta, maliza.

Kama tayari unaprogramu kwa Python, SymPy, maktaba yake ya hesabu za herufi, nayo ni nyepesi na itakufaa. Mambo mawili tu, 1/3 ukiiandika hivohivo Python inaigeuza 0.333 kabla SymPy haijaiona, andika Rational(1,3), na lambda ni neno la Python lenyewe kwa hiyo andika lam. Na ukisahau kutangaza I kuwa herufi yako, ile yao ya mzizi wa -1 inaingia kimyakimya na utapata wagonjwa wa malaria ambao ni namba changamano.

SWALI: Mwalimu mbona Maxima inaniuliza maswali badala ya kunijibu? Niliandika integrate(x^n, x) ikauliza kama n ni sawa na -1. Mathematica ya rafiki yangu ilijibu mara moja. – Mbale

JIBU: Inakuuliza kwa sababu inabidi ijue. n ikiwa -1 jibu ni log, ikiwa nyingine jibu ni x^(n+1) juu ya n+1. Mathematica inakupa hilo la pili bila kutaja -1 kabisa, inadhani we mwenyewe unajua. SymPy inatoa yote mawili na masharti yake pembeni, mi hiyo ndo naipenda zaidi. We jibu no. Usisahau semikoloni, endelea.

SWALI: Kuna kijana mjini ananiwekea Mathematica ya kraki kwa hela kidogo, niichukue? – Kampala

JIBU: Hapana. Ni wizi, na hujui kwenye hiyo fleshi kimekuja na nini kingine. Kama unaitaka kweli Mathematica, Wolfram wenyewe wanaitoa bure kwenye Raspberry Pi kwa matumizi yasiyo ya biashara.

SWALI: Mwalimu mwenzangu, nafundisha S5 na S6 (kidato cha 5 na 6) huku Arua, shule ina kompyuta 2 tu lakini mi nina simu nzuri. Kuna kitu cha kuonyesha watoto faktoraizesheni na difrensiesheni bila kununua bando kila siku? – Mwalimu wa kike

JIBU: Dada, chukua GeoGebra, ile apu ya CAS, yaani ya hesabu za herufi. Ndani yake kuna Giac, injini iliyotengenezwa na Bernard Parisse kule Grenoble, Ufaransa, kwa hiyo si kitoto. Daunlodi siku moja ukiwa na mtandao, baada ya hapo inafanya kazi bila intaneti. Andika Factor(x^3-6x^2+11x-6) watoto waone mabano matatu yanatoka, halafu waambie wayazidishe kwa mkono warudi pale mwanzo, maana kwenye mtihani wa taifa wa UNEB hawataingia na simu yako.