Kwa mnaochuma mboga kwa mundu

Jamani, masika yameshika na nyie mmeshazama porini na mundu na viroba, mnafyeka kama mnatafutia ng'ombe majani. Nawapenda, lakini mtaua mtu.

1. Mnavu huchumwa ncha kwa ncha. Nasema hivi kwa sababu nami niliwahi kuufyeka. Palikuwa na hame la zizi, mbolea tele, mnavu umenona. Mranaha, ule mmea wa sumu, nao hunona papo hapo, na ukiwa mchanga, haujatoa ua jeupe wala tunda la miiba, ni majani tu kama mwenzake. Nikakata, nikafunga mafungu. Wakati nafunga nilisikia kauvundo fulani, nikakapuuza, giza lilikuwa linaingia. Shangazi kwa kuniamini hakuchambua upya. Usiku akawa anaomba maji, anakunywa, anaomba tena, ulimi mkavu haugeuki. Mboni zilipanuka hadi macho yakawa meusi matupu. Mara akaanza kuokota vitu hewani na kumkaribisha marehemu mumewe chakula. Watoto wakacheka. Zahanati wakauliza amekula nini, nami, kwa aibu, nikajibu "mnavu tu." Nilipokuja kutaja ule uvundo, muda ulishapotea. Alipona, namshukuru Mungu, ila mboga zangu hazili mpaka leo.

Kwa hiyo fikicha jani, unuse, uangalie na meno ya ukingoni. Ukilitilia shaka, tupa fungu zima. Usitegemee moto, sumu hiyo haiogopi sufuria. Na mbegu za mranaha ni balaa vilevile: mwaka 2019 kule Karamoja, Uganda, uji wa msaada uliochanganyika nazo uliua watu.

2. Matunda mabichi ya mnavu watoto wasiguse, wangoje yaive. Mgagani mkaushie maziwa. Mchunga mtieni tui zito, na msilalamike ni mchungu, mlitaka uwe nini?

3. Kando ya lami, jalalani, na pembeni ya pamba iliyopuliziwa dawa: piteni.

4. Upupu ukikauka, simameni upande upepo unakotoka. Hili nalisema kila mwaka, na kila mwaka yupo anayejifanya hasikii. Wa safari hii alivua shati mbele ya wakwe zake, akatokomea mtoni anajikuna. Popote alipo, kikapu ni changu, akirudishe.