Nimetubu, mbona furaha haiji?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe. Kuna dhambi niliyoitenda zamani na nimeitubu mara nyingi mno. Kila nikipiga magoti naianza upya, na moyo bado mzito. Je, Mungu hajanisamehe?

JIBU: Asifiwe sana, mpendwa. Kabla ya kuupima moyo wako, angalia kwanza namna unavyotubu. Wengi wetu husema, "Bwana, nisamehe makosa yangu yote," tukaishia hapo. Si sala mbaya, ila dhamiri haitulii kwa dhambi ambayo haijatajwa. Torati ilimtaka mwenye hatia aungame jambo lile lile alilolikosa (Walawi 5:5). Daudi naye, katika Zaburi ya 32, anasema mifupa yake ilichakaa aliponyamaza. Nafuu ilimjia alipoacha kuficha.

Chukua karatasi, uandike mambo matatu: ulifanya nini, ulimfanyia nani, na ulitaka kupata nini. Usiandike "sikuwa mwaminifu". Andika "nilimsingizia mwenzangu ili lawama isinifikie." Kisha soma tena, na kila penye "lakini" au "kwa sababu" pafute. Hapo ndipo toba nyingi huharibika. Mfalme Sauli alisema "nimefanya dhambi", ila akaongeza kwamba aliwaogopa watu, na papo hapo akamwomba nabii Samweli ampe heshima mbele ya wazee (1 Samweli 15). Daudi alikiri kwamba amemtenda Bwana dhambi, hakuongeza utetezi, na katika aya hiyo hiyo nabii Nathani akamjibu kwamba Bwana ameiondoa dhambi yake (2 Samweli 12:13).

Ukishaisema mbele za Mungu, fungua 1 Yohana 1:9 uisome kwa sauti. Msamaha umewekwa hapo juu ya uaminifu na haki ya Mungu. Wingi wa machozi yako hautajwi. Kisha ichane karatasi. Kumbukumbu ikirudi kesho, na itarudi, usiungame upya: shukuru kwa kuwa jambo hilo lilishasamehewa. Kuitubu dhambi ile ile kila asubuhi kunafanana na unyenyekevu, lakini ndani yake mna kutomsadiki Mungu aliyekwisha kusema.

Na furaha? Iombe. Katika Zaburi ya 51 Daudi anaomba kutakaswa, na anaomba pia arudishiwe furaha ya wokovu. Usishangae ikichelewa. Daudi alisamehewa, na bado alimlilia mtoto wake aliyeugua kwa ajili ya dhambi ile. Huzuni juu ya matokeo ya dhambi si ushahidi kwamba hukusamehewa.

SWALI: Nilichukua fedha za mtu bila yeye kujua. Nimeungama kwa Mungu. Ni lazima nimrudishie?

JIBU: Ndiyo, mrudishie. Hesabu 5:7 inaagiza kurudisha mali yote na kuongeza sehemu ya tano: aliyechukua 100 arudishe 120. Mwenye mali akiwa amefariki, aya inayofuata inamwelekeza mkosaji kwa jamaa yake wa karibu. Zakayo, yule mtoza ushuru, aliahidi kurudisha mara nne ya alichochukua, tena baada ya Yesu kumkubali. Malipo yalikuwa tunda la neema, hayakuinunua. Mkristo hafungwi na hesabu hizo, ila asishuke chini ya kile alichochukua.

Kama huna zote kwa sasa, nenda hata hivyo. Taja kiasi chote, toa ulichonacho, sema lini utamaliza. "Nisamehe kama nilikukosea" haitoshi, maana neno "kama" linamwachia yeye kazi ya kutafuta kosa. Asiposamehe siku hiyo, usimshurutishe.

Tahadhari moja: chuki au wivu uliobaki moyoni mwako, mwenzako asiujue, uungame kwa Mungu. Kumpelekea ni kumtwisha mzigo ili wewe upumue.

SWALI: Mpaka niungame kwa padre au mchungaji?

JIBU: Inategemea kanisa lako. Kwa Mkatoliki, dhambi za mauti (dhambi nzito zilizotendwa kwa kujua na kwa hiari) huungamwa kwa padre, kwa aina na idadi, pamoja na majuto, nia ya kuacha na malipizi, yaani tendo la toba analoagizwa na padre. Na padre amefungwa kabisa kutoboa siri hiyo. Waorthodoksi nao huungama mbele ya kasisi. Walutheri wanalo ungamo la faragha, ingawa wengi hawalitumii, na hiyo ni hasara. Makanisa mengine mengi ya Kiprotestanti hufundisha kuungama kwa Mungu moja kwa moja.

Hata hivyo Yakobo 5:16 inatuambia tuungamiane na kuombeana, na dhambi inayojirudia hudhoofika mtu mwingine anapoijua. Tafuta Mkristo mmoja aliyekomaa, asiyepeleka maneno, wa jinsia yako ikiwa jambo ni la zinaa. Mwombe akusikilize mpaka mwisho, kisha akusomee ahadi ya msamaha kwa sauti yake, maana wakati mwingine sikio huamini kabla ya moyo.