Kifafa: usiulize aliyeloga, jiandae na maswali ya daktari

Mdogo wangu ana kifafa, na mimi ndiye ninayempeleka kliniki hapa Arua, Uganda. Mtaani wananiuliza nani alimfanyia. Daktari hakuuliza hilo. Maswali yake yalikuwa mengine kabisa, na ukiwa na mgonjwa nyumbani ni vizuri uende na majibu.

Kwanza aliongea na mama. Uchungu ulikuwa mrefu? Mtoto alilia mara tu alipozaliwa? Mtoto akikosa hewa wakati wa kuzaliwa ubongo unaweza kuumia, kifafa kikajitokeza miaka baadaye. Aliwahi kuugua malaria iliyopanda kichwani, au homa ya uti wa mgongo? Aliwahi kuumia kichwa? Kwa jinsi tunavyopanda bodaboda vichwa wazi, swali hilo halitaisha leo. Katika ukoo kuna mwingine anayeanguka?

Kisha akauliza habari za nguruwe. Mama alikasirika kidogo: sisi ni Waislamu! Daktari akamweleza taratibu. Anayekula nyama ya nguruwe isiyoiva anaweza kupata tegu, yaani mnyoo mrefu bapa, tumboni. Ila mabuu yanayokaa kwenye ubongo na kuleta kifafa hutokana na kumeza mayai ya tegu, na mayai hayo hutoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye tegu. Yakiingia kwenye maji, mboga mbichi au mikono isiyonawiwa, yanampata hata asiyegusa nguruwe maisha yake yote. Tangu siku hiyo mama ndiye polisi wa sabuni pale chooni.

Wanaoishi karibu na mito yenye maji ya kasi wana jambo lao pia. Inzi wadogo weusi wa huko hueneza minyoo ya usubi, ugonjwa wa ngozi na macho, na maeneo yenye usubi mwingi huwa na kifafa kingi. Ugonjwa wa kutikisa kichwa uliowapata watoto wa Kitgum, Pader na Lamwo, kaskazini mwa Uganda, unahusishwa na minyoo hiyo. Wahudumu wa afya wa kijiji wakigawa vidonge vya ivamektini, mezeni.

Na kuna wengi, karibu nusu ya wagonjwa duniani, ambao chanzo chao hakijulikani. Hilo nalo si uchawi.

Degedege la homa kwa mtoto mdogo si lazima liwe kifafa, lakini mpeleke hospitali hata hivyo, maana nyuma ya homa hiyo inaweza kuwa malaria kali.

Kwa mdogo wangu, kinachomwangusha zaidi ni kuruka dawa na kukesha. Ramadhani tunamwona daktari mapema. Usijipangie saa za dawa mwenyewe, wala usiziache ghafla kwa sababu umepona kwa macho.

Akianguka, msogeze mbali na sigiri, maana huku moto umewaunguza wengi. Mlaze ubavu, legeza kola, usimtie kijiko mdomoni. Povu haliambukizi, usiogope kumgusa. Tazama saa: ikipita dakika tano, au akianguka tena kabla hajazinduka, tafuta usafiri wa hospitali. Mwenzako akiweza, arekodi kwa simu. Daktari wetu alijifunza mengi kwenye video fupi kuliko kwenye maelezo yetu sote, maana kila mmoja wetu alikuwa ameona lake.