Uzito, tungamo na mzigo: kipi ni kipi?

SWALI: Natafsiri mwongozo wa programu ya kuchanganua miundo ya majengo. Kuna mahali mtumiaji anaingiza kiasi cha maada kilichomo katika jengo, na mahali pengine anaingiza mizigo inayoletwa na mvuto wa dunia. Kote nimeandika “uzito”, na sentensi moja imetoka hivi: “Bainisha uzito kutokana na mizigo ya uzito.” Mhandisi aliyeipitia alicheka. Niirekebisheje?

JIBU: Mhandisi alikuwa na sababu ya kucheka, ila kosa si lako peke yako. Sote husema mfuko wa saruji una uzito wa kilo 50, na hakuna anayepotea. Kilo hizo, kwa mwanafizikia, si uzito. Mkutano Mkuu wa Vipimo wa mwaka 1901 ulilitamka wazi: kilogramu ni kipimo cha kiasi cha maada, na uzito ni kitu cha jamii moja na kani (nguvu inayosukuma au kuvuta kitu), yaani hupimwa kwa nyutoni. Kwa hiyo mfuko wako una kilo 50 popote utakapoupeleka, hata mwezini, lakini uzito wake hapa duniani ni takriban nyutoni 490, na mwezini ni kama nyutoni 81 tu.

Hicho kisichobadilika ndicho kinachoitwa tungamo. Wapo wanaosema masi, nalo si kosa. Mimi napendelea tungamo kwa sababu limetoka kwenye kitenzi tunachokijua: damu hutungama, maziwa hutungama. Msomaji anaposikia tungamo anahisi maada iliyokusanyika pamoja, kabla hata hajapewa fasili. Chagua moja kati ya hayo mawili, kisha ulishike mpaka ukurasa wa mwisho.

Mzigo ndio wenye utamu zaidi. Katika Kiswahili mzigo hauko peke yake. Lazima awepo anayeubeba. Mzigo hutwikwa, hubebwa, hutuliwa. Ukisema “mzigo”, sikio linauliza papo hapo: “Nani kaubeba?” Uzito hauulizwi hivyo, kitu kinao hata kama hakuna anayekibeba. Zege la sakafu lina uzito wake. Uzito huohuo ukishaiegemea boriti, kwa boriti umekuwa mzigo. Boriti nayo inaupokeza kwa nguzo, pamoja na uzito wake yenyewe, na nguzo kwa msingi.

Hapa ndipo ninapowaonya wafasiri kuhusu kile kiunganishi kidogo cha “wa”. “Mzigo wa boriti” ni upi? Ni ule ambao boriti imeubeba, au ule ambao boriti inawatwisha wengine? Sarufi inaruhusu yote mawili, na kwa mhandisi tofauti hiyo ni kubwa. Andika “mzigo uliobebwa na boriti” au “mzigo utokanao na boriti”. Sentensi itarefuka kidogo, iache irefuke.

Mvuto nao una mtego wake. Chuma kinaweza kuvutwa huku na huku mpaka kirefuke, na wapo wanaoiita hali hiyo mvuto pia, wengine mvutano. Ukiandika “mizigo ya mvuto” bila kufafanua, kuna atakayedhani unazungumzia kamba iliyokazwa. Andika “mizigo ya mvuto wa dunia”, au “mizigo ya graviti” ikiwa nafasi kwenye skrini ni finyu. Na tafadhali usiandike “mzigo mfu”. Nimelikuta mara nyingi, na kila mara naona jeneza. Ule usioondoka uite mzigo wa kudumu. Ule wa watu na samani uite mzigo wa matumizi. Vilevile “uzito binafsi” ni ule anaoupima mtu akishuka kitandani asubuhi. Kwa jengo sema “uzito wa muundo wenyewe”.

Unaweza kujiuliza kama haya si uchokozi wa maneno tu. Tazama sakafu ya zege yenye urefu wa mita 5, upana wa mita 4 na unene wa sentimita 15. Ujazo wake ni mita za ujazo 3. Zege lenye nondo huwa na kilo kama 2,500 kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo tungamo la sakafu ni kilo 7,500, yaani tani 7.5. Zidisha kwa mchapuko wa graviti, yaani jinsi kasi ya kitu kinachoanguka inavyoongezeka kila sekunde, ambao ni 9.81, upate uzito: takriban nyutoni 73,600, yaani kilonyutoni 73.6. Programu inayofanya kazi kwa kilonyutoni, mita na sekunde hutaka tungamo kwa tani. Mtumiaji aliyesoma “uzito” katika mwongozo wako ataandika 73.6 mahali pa 7.5. Akifanya hivyo kwa jengo zima, jengo litakuwa na tungamo mara 9.81 ya lile la kweli. Muda wa mtikisiko mmoja hufuata kipeuo cha pili cha tungamo, hivyo utarefuka zaidi ya mara 3, na hesabu ya tetemeko la ardhi itakuwa ya jengo jingine kabisa. Hakuna ujumbe wa kosa utakaotokea. Namba ni namba.

Kosa la pili ni la kuhesabu mara mbili. Programu nyingi hukokotoa zenyewe uzito wa muundo kutokana na vipimo na aina ya maada. Mtu akiambiwa tu “ingiza uzito wa sakafu”, ataujaza tena kwa mkono. Hapo mwongozo useme: “Ingiza mizigo ya kudumu, isipokuwa uzito wa muundo wenyewe.”

Sentensi yako sasa. Programu inachukua mizigo iliyokwisha kuingizwa, inaigawanya kwa mchapuko wa graviti, na kupata tungamo la kutumia katika hesabu za mtikisiko. Basi andika: “Bainisha tungamo la jengo kutokana na mizigo ya mvuto wa dunia.” Mpelekee mhandisi tena.