Jibu: Kinanda kinapotea nikitoa wimbo kwenye Reaper

Kaka, kama nimekuelewa: ukiwa ndani ya Reaper, ile programu ya kurekodi muziki, taarabu yako inasikika yote, ukiitoa iwe faili ya sauti (WAV) kinanda hakimo na mwisho unakatika. Hayo ni mambo mawili tofauti.

Kinanda kwanza. Tazama treki yake, yaani mstari wake kwenye skrini. Ukiona vistari vifupifupi badala ya mawimbi ya sauti, basi ulichorekodi ni MIDI, yaani maagizo tu: noti gani ibonyezwe, lini, kwa nguvu gani. Sauti yenyewe inatoka kwenye kinanda, si kwenye kompyuta, kwa hiyo programu ikitengeneza faili haina pa kuipata. Fidla na dumbaki zimo kwa sababu zilipita kwenye maiki.

Chomeka waya mbili, kushoto na kulia, kutoka matundu ya kutolea sauti ya kinanda hadi kwenye kadi ya sauti. Fungua treki mpya ya stirio, iwashe kurekodi, halafu iache MIDI ikipige kinanda tangu mwanzo mpaka mwisho. (Ni waya, si maiki, kwa hiyo bodaboda za Ngamiani hapo Tanga zipite tu, kelele zake haziingii.) Ukimaliza, zima ile treki ya MIDI ndipo utoe wimbo.

Mwisho kukatika ni kitu kidogo: kwenye dirisha la Render (la kutolea wimbo), Bounds, yaani wapi ianzie na iishie, iweke "Entire project" (mradi mzima), na utie tiki Tail (muda wa ziada mwishoni), milisekunde 3000 hivi, mwangwi umalizike.

Ikigoma bado, tupia picha ya dirisha hilo hapa.