Karatasi Ipi Hasa Ndiyo Hati ya Talaka?

SWALI: Ndugu Mhariri, ndoa yangu ilivunjwa na mahakama miaka kumi na mmoja iliyopita, katika nchi niliyokuwa nikiishi wakati huo. Sasa natarajia kuolewa tena, nikiwa nchi nyingine. Nilimpelekea msajili wa ndoa nakala ya hukumu ambayo nimeitunza kwenye bahasha miaka yote hiyo. Akaigeuza mbele na nyuma, kisha akanirudishia akisema kwamba hiyo si hati ya talaka. Wakili aliyenisimamia amekwisha fariki. Nianzie wapi, na je, itanibidi nimtafute mtalaka wangu?

JIBU: Dada yetu, hilo la mwisho lisikunyime usingizi. Kwa kawaida kila mdaawa anaweza kuomba nakala ya amri iliyotolewa katika shauri lake bila kumshirikisha mwenzake, na wakili naye ni msaada tu, si sharti.

Tatizo lako limetokana na mazoea yetu ya kusema “karatasi za talaka” kana kwamba ni kitu kimoja. Hukumu ni maelezo ya hakimu: nani alidai nini, ushahidi gani uliaminiwa na kwa nini. Amri ya talaka, ambayo mahakama nyingine huiita tuzo, ni waraka mfupi unaotamka kwamba ndoa kati ya fulani na fulani imevunjwa tangu tarehe fulani. Cheti cha talaka, pale kinapotolewa, ni dondoo tu ya yaliyomo katika daftari la usajili. Msajili wa ndoa hana haja ya kujua nani alimkosea nani. Anachotafuta ni tarehe uliyokuwa huru kuolewa tena, na hukumu yaweza kuwa na kurasa thelathini bila kumwonyesha kwamba amri ya mwisho ilikwisha kutolewa.

Hili la mwisho si dogo. Kule Uingereza na Wales, tangu tarehe 6 Aprili 2022, mahakama hutoa kwanza amri ya masharti, na ni baada ya wiki sita na siku moja ndipo mwombaji anaweza kuomba amri ya mwisho. Mwenye amri ya kwanza pekee bado ni mke au mume wa mtu, hata kama karatasi yake ina muhuri unaong’aa.

Hata hivyo, usiitupe hiyo nakala. Itazame pembeni juu ya ukurasa wa kwanza: humo mna namba ya shauri, na kwa karani wa masijala namba hiyo ina thamani kuliko maelezo yako yote. Iandike kwenye barua ya maombi pamoja na jina la mahakama, mwaka wa amri na majina yenu kama yalivyoandikwa siku ile, si kama unavyojiita leo. Omba “nakala iliyothibitishwa” ya amri ya mwisho, usiombe nakala tu. Ukiipokea, pitisha kidole juu ya muhuri: ule wa kubonyeza utauhisi ukiwa umeinuka, ilhali kwenye fotokopi ni doa jeusi bapa. Si kila mahakama hutumia muhuri wa kubonyeza, lakini saini ya ofisa na maneno ya uthibitisho hayana budi kuwapo.

Wasomaji wengine wasidhani kwamba mlango ni mahakama siku zote. Nchini Marekani hakuna daftari moja la taifa zima. Amri hutunzwa na karani wa mahakama iliyosikiliza shauri, na ofisi za takwimu za majimbo mengi hutoa cheti au uthibitisho mfupi tu. Nchini Ufaransa talaka huandikwa pambizoni mwa kumbukumbu za ndoa na za kuzaliwa, na tangu Januari 2017 wanandoa waliokubaliana wanaweza kuachana kwa mkataba ulioandaliwa na mawakili wao na kuwekwa kwa mthibitishaji rasmi wa hati (notari), bila kumwona jaji. Nchini Japani walioafikiana hupeleka taarifa yao katika ofisi ya manispaa, nayo huingizwa katika daftari la familia.

Kwa kuwa unavuka mpaka, muulize msajili kama anahitaji apostili, yaani uthibitisho uliowekwa na Mkataba wa The Hague wa tarehe 5 Oktoba 1961. Apostili hutolewa na nchi ulikotoka waraka, si nchi unakoupeleka, nayo huthibitisha saini, cheo na muhuri, si ukweli wa yaliyoandikwa. Kama tafsiri inahitajika, tanguliza apostili ili nayo itafsiriwe. Wengi hulipa mara mbili kwa kugeuza mpangilio huo. Uliza pia kama ofisi inataka nakala iliyotolewa karibuni, na uagize zaidi ya moja, maana nyingine hubaki kwenye majalada yao.

Jambo jingine ni siri. Jalada zima la shauri huweza kuwa na namba za akaunti, mishahara na habari za watoto. Ofisi ya pasipoti au ya ndoa ikitaka uthibitisho wa talaka, ipe amri tu. Mfuko wa pensheni au ofisi ya ardhi ni habari tofauti, kwa sababu huko amri ya mgawanyo wa mali ndiyo inayofanya kazi, na cheti kitupu hakitakusogeza popote.

SWALI: Natafuta jalada la talaka ya bibi na babu, waliotalikiana Uingereza miaka ya 1950. Litapatikana?

JIBU: Jalada lenyewe huenda halipo. Majalada ya mahakama ya talaka ya huko, iliyoanza kazi mwaka 1858, yamehifadhiwa kwa wingi hadi 1937. Karibu yote ya baada ya hapo yaliharibiwa. Hata hivyo, kumbukumbu ya amri ya mwisho bado hutafutwa na kutolewa nakala. Utapata majina na tarehe, ila sababu za kuachana zilizokuwa ndani ya jalada itakubidi uwaulize wazee waliobaki.